Mtoto Hurithi Selimundu kwa Baba na kwa Mama

Katika nyumba nyingi za Uganda, na za nchi zinazopakana nayo, mtoto anapofikisha miezi 6 au 7 akaanza kuvimba viganja na nyayo, macho yake yakageuka rangi ya manjano, na kilio chake kikawa hakitulizwi kwa ziwa wala kwa kubembelezwa, swali la kwanza la jamaa si la dawa. Huulizana: ugonjwa huu umetoka kwa nani? Na kabla swali hilo halijajibiwa, macho ya wote huwa yamekwisha kumgeukia mama wa mtoto. "Kwetu hakuna ugonjwa huo," husema baba, na ndugu zake humwitikia. Mtoto huyo akifariki, na wa pili naye akaonyesha dalili zile zile, si ajabu mama kurudishwa kwao, na bwana kutafutiwa mke mwingine aliye na "damu njema".

Ugonjwa unaozungumzwa hapa ni selimundu. Baganda huuita nnalubiri, na katika Kongo watu wengi huutaja kwa herufi mbili tu za karatasi ya hospitali, yaani SS. Hauambukizwi kwa kula pamoja, kulala pamoja wala kuvaa nguo moja. Hautokani na laana, kijicho cha jirani, wala mwiko uliovunjwa wakati wa mimba. Ni ugonjwa wa kurithi, na urithi wake hauwezi kutimia bila ya pande zote mbili. Baba asemaye kuwa kwao haupo huenda anasema kweli kwa kadiri ya kumbukumbu za wazee wake. Lakini damu ina kumbukumbu ndefu kuliko ya wazee.

CHEMBE ZINAZOPINDA KAMA MUNDU

Damu hupata wekundu wake kwa chembe ndogo mno zilizo mviringo na laini, zinazopita katika mishipa membamba bila taabu. Ndani ya kila chembe imo hemoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha mwilini kote. Kwa mgonjwa wa selimundu hemoglobini hiyo ina kasoro moja ndogo. Mwaka 1957 mtaalamu Vernon Ingram, huko Uingereza, alionyesha kwamba kasoro yenyewe ni kubadilika kwa kiungo kimoja tu katika mnyororo ambao leo hujulikana kuwa na viungo 146. Kwa sababu ya kiungo hicho kimoja, hemoglobini ikiisha kutoa hewa yake hugandamana, na chembe iliyokuwa mviringo hupinda na kuwa ngumu, mfano wa mundu wa kukatia majani.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, chembe hizo huvunjika upesi. Chembe ya kawaida huishi kiasi cha siku 120, bali yenye umbo la mundu huishi siku 10 hadi 20 tu, na mwili haudiriki kutengeneza nyingine kwa kasi hiyo. Ndiyo maana mtoto hupauka na macho yake huwa ya manjano. Pili, chembe ngumu hukwama katika mishipa na kuziba njia, na mahali palipozibwa huuma maumivu ambayo watu wazima wenye ugonjwa huu huyafananisha na kuvunjwa mfupa. Ziba hiyo ikitokea katika ubongo, mtoto mdogo hupatwa na kiharusi, ugonjwa ambao wengi hudhani ni wa wazee.

Kwa nini mtoto huzaliwa akiwa salama, kisha ugonjwa ukajitokeza baada ya miezi kadhaa? Kwa sababu mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya namna nyingine, isiyo na kasoro hiyo, nayo humlinda kwa miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa. Inapopungua na ile ya ukubwani kushika mahali pake, ndipo dalili huonekana. Na kwa bahati mbaya huo ndio wakati mtoto anapoanza kulishwa uji na kupokewa na mikono ya watu wengi, kwa hiyo hakukosekani mtu wa kushutumiwa kwamba amemtazama vibaya.

PUNJE MBILI KATIKA KILA KAPU

Kila jambo la mwili wa mwanadamu, kama vile rangi ya ngozi, kimo na aina ya hemoglobini, hufuata maagizo yaliyomo katika mbegu za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni. Mbegu hizo huwa mbili mbili: moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Mbegu ya hemoglobini ya kawaida huandikwa hospitalini kwa herufi A, na yenye kasoro ya mundu kwa herufi S. Mtu mwenye AA hana neno. Mwenye SS ni mgonjwa. Aliye na AS, mwenye mbegu moja ya kila namna, huwa mzima: hulima, huzaa, hucheza mpira, huzeeka, na asipopimwa hatajua kamwe kwamba anayo S. Wala AS haigeuki kuwa SS kwa kuzeeka au kwa kula vibaya, kama wengine wanavyoogopa.

Yafaa kufikiri vikapu viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na katika kila kapu mna punje mbili za maharage, moja nyeupe na moja nyeusi. Hao ndio wazazi wenye AS wote wawili. Kwa kila mimba mkono usioona huingia katika kila kapu ukatoa punje moja. Huenda zikatoka nyeupe mbili, na mtoto akawa AA. Huenda ikatoka nyeupe kwa huyu na nyeusi kwa yule, au kinyume chake, na mtoto akawa AS kama wazazi wake. Au zikatoka nyeusi mbili, na mtoto akawa SS. Nafasi ya hilo la mwisho ni 1 kati ya 4. Asiyekubali na achukue maharage ajaribu mezani pamoja na watoto wake. Ni somo la nusu saa, na halihitaji chombo chochote cha maabara.

Hapo pana kosa ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Wakiambiwa 1 kati ya 4, hudhani kwamba mtoto mmoja akiisha kuugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Punje hurudishwa kapuni kila mara, na kila mimba huanza upya na hatari ile ile. Wako wazazi wenye AS waliozaa wanne na wote wakawa wazima. Kwa hesabu, karibu theluthi moja ya nyumba za namna hiyo zenye watoto wanne hazitapata mgonjwa hata mmoja. Wako pia waliopata wagonjwa watatu mfululizo. Hao wa kwanza hawana ujanja wowote, wala hawa wa pili hawana dhambi.

Na ikiwa mzazi mmoja ni AS na mwenzake ni AA, hakuna mtoto wao atakayeugua, ila kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kupokea ile S moja. Hivyo mbegu hupita kutoka kwa babu hadi kwa baba, na kutoka kwa baba hadi kwa mwana, kimya kimya, miaka 100 au zaidi, hadi siku mwana huyo atakapooa binti ambaye naye ameletewa mbegu yake kimya kimya vivyo hivyo.

KWA NINI MBEGU HII NI NYINGI HUKU KWETU

Ugonjwa huu uliingia katika vitabu vya udaktari mwaka 1910, wakati James Herrick wa Chicago, Marekani, alipoandika habari za kijana mmoja mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Lakini njia ya urithi wake haikufahamika sawasawa hadi mwaka 1949, ambapo watu wawili walifikia jibu moja kila mmoja kwa upande wake: James Neel huko Marekani, na E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wote wawili walionyesha kwamba mgonjwa hupokea mbegu kwa wazazi wawili, na mwenye mbegu moja haugui.

Mwaka huo huo H. Lehmann na A. B. Raper walitangaza matokeo ya kupima damu ya makabila mbalimbali ya Uganda. Miongoni mwa Baamba, wakaao katika bonde la mto Semliki chini ya milima ya Ruwenzori, waliona watu wenye mbegu ya mundu wakifikia 45 katika kila 100. Kwenye nyanda za juu za Kigezi walikuwa wachache mno. Jambo lililowatatiza madaktari wa siku hizo ni kwamba walikutana na watu wazima wengi wa Afrika wenye mbegu moja, lakini wagonjwa wenyewe waliofika hospitali walikuwa wachache, hata wengine wakadhani kwamba Mwafrika wa Afrika haugui kama yule wa Marekani. Jibu lilikuwa makaburini. Watoto walikufa kabla ya kufikishwa hospitali, na kifo chao kiliandikwa malaria au homa ya mapafu, au hakikuandikwa kabisa.

Sababu ya tofauti ya bonde na mlima ilielezwa mwaka 1954 na Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Aliona kwamba mbegu ya S ni nyingi mahali penye malaria nyingi, kama vile pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba penye baridi pasipo na mbu wa kutosha. Mtoto mwenye AS hupata malaria kama wengine, lakini si rahisi impate ile kali inayoua. Hivyo, kwa maelfu ya miaka, mbu aliwaua zaidi wenye AA, ugonjwa wa selimundu ukawaua wenye SS, na wenye AS wakabaki kuzaa. Si mbegu ya aibu, basi, bali ni ngao ambayo wahenga waliinunua kwa bei kali. Ikumbukwe tu kwamba ngao hiyo ni ya mwenye AS. Mtoto mwenye SS hana ngao. Malaria ni miongoni mwa adui zake wakubwa.

Baadaye Uganda ilifanya hesabu ya nchi nzima. Kati ya mwaka 2014 na 2015 yalipimwa matone ya damu yaliyokuwa yamekaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kuwachunguza watoto wachanga virusi vya UKIMWI, hata haikuwapo haja ya kumchoma mtoto sindano nyingine. Akili hiyo ya kutumia kilichokwisha kuwapo yastahili kusifiwa. Katika watoto 97,631, wenye AS walikuwa 13.3 katika kila 100, na wagonjwa 0.7. Kusini magharibi wenye AS walikuwa 4.6 katika kila 100, lakini katika eneo la mashariki ya kati walikuwa 19.8, na wagonjwa 1.5. Mahali ambapo mtu 1 kati ya 5 anayo mbegu hiyo, ndoa 1 kati ya 25 yaweza kuwakutanisha wawili walio nayo.

UKOO MWINGINE SI KINGA

Wazee wengi wa nchi hizi walikataza kuoana ndani ya ukoo. Muganda, kwa mfano, haoi katika ukoo wa baba yake wala wa mama yake, na jambo la kwanza kuulizwa katika uchumba ni ukoo na mzizi wa mtu. Mila hiyo ina hekima yake, kwani watu wa damu moja huweza kuwa na mbegu moja iliyo adimu, nayo ikakutana katika mtoto wao. Lakini selimundu si mbegu adimu. Imo katika koo zote, na kati ya makabila yasiyopata kuoana zamani. Kijana wa Bundibugyo aweza kumwoa binti wa Lira, ambaye babu zake na babu zao hawakupata kuonana hata siku moja, na bado wakapata mtoto mwenye SS. Kwa hiyo shangazi anayeuliza ukoo afanya vema, ila ukoo peke yake hautamjibu hilo.

Wala si magonjwa yote ya kurithi yafuatayo njia hii. Ualbino hufuata njia ile ile ya mbegu mbili, na ndiyo sababu wazazi weusi wote wawili huzaa mtoto mweupe, bila ya mama kuwa amefanya lolote la siri. Kidole cha sita, kinachoonekana katika jamaa nyingi, mara nyingi huhitaji mbegu ya mzazi mmoja tu. Na uko ugonjwa wa damu isiyoganda, hemofilia, ambao kwa kawaida mwanamke huchukua mbegu yake naye haugui, lakini wanawe wa kiume huweza kuugua; Malkia Victoria wa Uingereza alimzalia mmoja, Leopold, aliyefariki mwaka 1884, na kupitia kwa binti zake mbegu hiyo ikafika hadi kwa mrithi wa mfalme wa Urusi. Mtu akitaka ugonjwa wa kumsingizia mama, huo ungekaribia. Hata hivyo hakuna mama aliyechagua.

KIPIMO NA KARATASI YAKE

Kipimo ni cha damu kidogo tu, na kinapatikana katika hospitali kubwa na zahanati nyingi zenye maabara. Lakini vipo vipimo vya namna mbili, na yafaa kuuliza umepewa kipi. Kile cha haraka huonyesha tu kwamba S imo au haimo, wala hakiwezi kutenga mwenye AS na mwenye SS. Kile cha pili, kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa nguvu za umeme, ndicho kiandikacho herufi zote mbili. Wachumba wanaoletewa jibu la "imo" bila maelezo zaidi wasirudi nyumbani kulia, bali waombe kipimo cha pili.

Wapo viongozi wa dini wawatakao wachumba waonyeshe karatasi hiyo kabla ya kufungishwa ndoa, na mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka wa Buganda zilifanywa kwa ajili ya kupambana na selimundu kwa miaka mitatu, 2017 hadi 2019. Yote hayo ni mema. Lakini kipimo kinacholetwa wiki moja kabla ya harusi, mahari yamekwisha pokewa na ng'ombe wamekwisha nunuliwa, ni mtihani mkubwa kwa vijana wawili. Wakati wake ni kabla ya barua ya posa, na bora zaidi shuleni, mtu angali hana mchumba wa kumpoteza. Wenye AS wawili wakiamua kuachana, hakuna wa kuwalaumu. Wakiamua kuoana wakijua, nao pia wasilaumiwe, mradi kila mtoto wao apimwe mapema, kabla ya kuvimba viganja.

Jambo moja linahitaji uangalifu. Yatokea mtoto ameandikwa SS na baba akapimwa akaonekana hana S. Nyumba zimevunjika siku hiyo hiyo. Daktari mwenye busara hurudia kipimo kwanza, kwa kuwa maabara hukosea, na kwa kuwa ziko kasoro nyingine za hemoglobini ambazo zikikutana na S huleta ugonjwa unaofanana na huu. Majibu ya namna hiyo husomwa mbele ya wahusika peke yao, si mbele ya wakwe na mashemeji.

KUMLEA MTOTO MWENYE SS

Mtoto mwenye SS siku hizi aweza kukua, kusoma na kuajiriwa, lakini malezi yake hayataki uzembe. Anywe maji mengi kila siku, kwani damu iliyopungukiwa maji huziba upesi. Asilowe mvua, asiogeshwe maji baridi, alale ndani ya chandarua, apate chanjo zote, na hadi atimize miaka mitano apewe penisilini kila siku, kwa maana wengu wake, uliokuwa mlinzi wa mwili, huharibika mapema. Mama afundishwe na muuguzi kuupapasa wengu huo upande wa kushoto chini ya mbavu: ukivimba ghafula na mtoto akapauka midomo, si la kungoja asubuhi. Homa pia ni ya kupelekwa hospitali siku ile ile.

Iko na dawa iitwayo hidroksiyurea, inayorudisha kiasi fulani cha ile hemoglobini ya utotoni. Ilijaribiwa kwa watoto wa Mulago, Kampala, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2017. Mwaka 2019 yakatangazwa ya watoto wa Uganda, Kenya, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Haiponyi, nayo hutolewa chini ya daktari kwa kupima damu mara kwa mara. Tiba ya kurekebisha mbegu za urithi ilipata idhini Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, ila gharama yake haijakaribia hata kidogo mfuko wa mkulima.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Mtoto huyu hunywa maji mengi, kwa hiyo hutoka kwenda haja mara nyingi, na kumnyima ruhusa ni kumnyima dawa. Asisimamishwe juani au penye baridi kwa adhabu. Siku asizohudhuria hazitokani na uvivu, na uchovu wake baada ya mbio fupi si deko.

Walio wazima katika nyumba hiyo ndio wanaosahauliwa. Fedha na usiku wa wazazi humwishia mgonjwa, na hakuna awazaye kumpima dada yake mwenye afya. Lakini hesabu ya punje inasema kwamba nduguye mgonjwa aliye mzima ana nafasi 2 kati ya 3 za kuwa na AS, na wajomba, shangazi na ami zake nao huenda wanayo. Binti huyo ndiye atakayeposwa mwakani, na mara nyingi hajui herufi zake kwa sababu hakupata kuugua.